Alhamisi Iliyobandikwa Ukutani

Fundi Litunu alianza saa mbili,
ana mwiko, ana kisu cha lipu, ana hasira ya mtu asiyekunywa chai.
Tulipatana elfu ishirini kwa siku:
ukuta wa chumba cha baba ubanduliwe, upigwe lipu,
uache kututapikia udongo kitandani.
Saa mbili na robo akanyamaza.
Nikadhani kagusa nge.
Kumbe kagusa Alhamisi.

Alhamisi, tarehe nane, mwezi wa nne, mwaka sabini na sita.
Gazeti zima, limegandishwa kwa uji wa muhogo
toka dirishani hadi kwenye msumari wa kofia;
na baba, Mungu amrehemu,
aliyependa habari kuliko mpangilio,
kalibandika kichwa chini.

Fundi akapinda shingo. Nami nikapinda.

BOMBA LA MAJI: NEWALA KARIBUNI.
Fundi akaitazama ndoo yake ya kukorogea saruji,
maji ya kununua, mia tano dumu, yameletwa na bodaboda.
"Karibuni," akasema. "Tumekaribia tangu mwaka huo,
hata kuambiwa tuketi bado."

Chini yake (yaani juu yake, kwa jinsi tulivyosimama)
ofisa biashara anawahakikishia wananchi
sabuni ipo tele.
Picha inamwonyesha ofisa.
Nyuma ya ofisa, picha inaonyesha foleni.

Michezoni, Newala na Masasi hawakumaliza.
Si ugomvi. Mpira ulitua kwenye mkorosho, ukachomwa na kijiti,
na mpira wa akiba ulikuwa umeazimwa Tandahimba, kwa harusi.
"Harusi ya nini inayotaka mpira?"
Fundi aliniuliza mimi, kwa ukali,
kana kwamba ndiye niliyeuazima.

Tahariri inakemea uzembe wa kuchelewa.
Pembeni, kwa wino wa baba:
*Limenifikia leo, tarehe 27. Rufiji imejaa.*

Saa sita tukahamia mahakamani.
MKE ADAI TALAKA, KISA DEBE LA MAJI.
Somoe binti Nampoto (34) aliieleza mahakama
kwamba miaka sita anashuka bonde la Mkunya alfajiri,
anapanda na debe kichwani,
na mumewe, Bwana Nandonde, anaoga mara mbili kwa siku, kama bata.
Hakimu akamuuliza mume: mara mbili, kwa nini?
Mume akajibu,
*inaendelea ukurasa wa 6.*

Ukurasa wa sita upo mgongoni,
umeolewa na udongo.
Fundi alijaribu brashi ya maji. Alijaribu mvuke wa chai.
Alijaribu ukucha, pumzi, bismillahi.
Ukatoka unga.
Akakaa juu ya ndoo kama mfiwa.
"Alijibu nini, jamani, huyu bwana?"
Wali akala, lakini bila kuusifu.
Saa tisa alimpigia mkewe simu kumuuliza
yeye angedhani nini.

"Alijibu: *ni jasho la kukusubiri*."

Tukageuka. Mlangoni, jirani yetu wa maandazi,
kaja kurudisha ungo.
Toka nizaliwe namwita Bi Maandazi;
jina lake la gazetini sikuwahi kuuliza.

"Hakimu alicheka mpaka kalamu ikamdondoka.
Akaamuru Nandonde ateke mwenyewe, mwezi mzima.
Kaenda siku mbili. Ya tatu karudi na debe tupu,
mguu umeteguka.
Nikamkanda.
Basi nikamkanda miaka thelathini na moja."

Akavaa miwani, akapinda shingo pole pole,
akasoma, midomo ikicheza.
Ghafla akapiga kofi ukutani, vumbi likaruka.
"Thelathini na nne! Nilikuwa na ishirini na sita!
Mwandishi yule alinitaka, nikamkataa. Ndiyo malipo yake.
Fundi, penseli!"

Fundi akamtolea ile ya sikioni.
Bi Somoe akaikata namba, akaandika yake, kichwa chini vilevile,
akaondoka na ungo aliokuja kuurudisha.

Jioni nilimlipa fundi elfu ishirini kamili.
Lipu, hata kiganja kimoja hakuna.
Kesho atawahi mapema zaidi, ameniahidi:
kwenye ukuta wa pili
ameshaona ncha ya Ijumaa.